Tumbo Lililoyabisika: Tazama Nepi Kabla ya Kuhesabu Siku

Mtoto wangu wa kwanza alipofikisha miezi miwili alikaa siku sita bila kwenda choo. Tulikuwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nyumba ya ukoo, ua mmoja na wanawake watano, na kila mmoja ana tiba yake. Mmoja alitaja majani, mwingine maji ya sukari. Wa tatu alikwisha kuchonga kipande cha sabuni kwa kisu, chembamba kama kidole cha mtoto mwenyewe. Siku ya saba alfajiri, kabla hajatiwa chochote, alijaza nepi: choo cha manjano, laini, tele, wala hakulia. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtoto wa maziwa ya mama ambaye mwili wake ulitumia karibu yote yaliyoingia, ukabakiwa na machache ya kutoa.

Wazee wetu husema tumbo limeyabisika, na neno hilo lina elimu ndani yake. Yabisi ni kikavu. Ugonjwa ni choo kilichokauka, ambacho mtoto hawezi kukitoa bila maumivu. Choo laini kilichochelewa hakijayabisika, hata kikichelewa siku nne. Ukilishika hilo, umekwishajiepusha na nusu ya makosa yanayofanyika nyuani mwetu, kutoka Kinama hadi Kanyosha. Soma hatua tatu za mwanzo zote kabla hujamfanyia mtoto lolote.

Hatua ya kwanza: anza na umri wake

Jambo lile lile linaweza kuwa la kawaida mwezi wa tatu na la hatari siku ya tatu.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili kwa kawaida hutoa choo cha kwanza, kile cheusi chenye ukijani kinachonata kama lami, ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo hicho, usingoje na usikande tumbo: mrudishe alikozaliwa. Huenda sehemu ya mwisho ya utumbo wake imeumbwa bila neva za kusukuma uchafu. Ugonjwa huo hubeba jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 na hutibiwa kwa upasuaji. Huenda pia njia yenyewe ya haja kubwa haikufunguka, ndiyo maana mkunga makini huitazama mapema. Akina mama wengi hutoka uzazini upesi, na swali hili husahaulika katikati ya wageni na pongezi. Lilinde wewe.

Katika wiki sita za kwanza mtoto anayenyonya hutoa choo mara nyingi, pengine kila anapomaliza kunyonya. Kikiwa haba katika umri huo, jiulize kwanza kama maziwa yanaingia. Hesabu nepi za mkojo: kuanzia siku ya tano hivi ziwe sita au zaidi kwa mchana na usiku. Zikipungua, mpeleke apimwe uzito na uonyeshwe namna ya kumshikisha titi vizuri. Hapo shida iko kwenye kunyonya.

Baada ya wiki sita mtoto wa maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku tatu, tano, hata wiki nzima. Kama ananyonya, anakojoa, anacheka na anaongezeka uzito, mwache. Mtoto wa maziwa ya kopo ni tofauti: choo chake ni kizito zaidi, hutoka karibu kila siku au siku mbili, naye huyabisika kwa urahisi zaidi. Kisha huja mwezi wa sita, chakula cha kwanza, na hapo ndipo watoto wengi huonja choo kigumu cha kweli.

Hatua ya pili: fungua nepi, utazame

Wengine huikunja nepi upesi na kuitupa kwa sababu ya harufu. Itazame. Choo cha mtoto anayenyonya ni cha manjano, chepesi, mara nyingi na chembechembe kama mbegu. Kikiwa cha kijani au cha kahawia, bado ni sawa. Choo kilichoyabisika hakijifichi: ni vidonge vidonge kama mavi ya mbuzi, au kigogo kikavu kinachokwaruza njia, pengine na mstari mwembamba wa damu nyekundu juu yake. Mtoto hulia kwa uchungu wakati kinatoka, hutulia kikishatoka. Kabla ya hapo tumbo lake huwa gumu, hubana makalio na kunyoosha miguu, na hamu ya kunyonya hupungua.

Hapa pana kosa linalowapata hata akina mama wazoefu. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili anajikakamua, anakuwa mwekundu, anapiga kelele dakika kumi au ishirini, nyumba nzima inasimama. Kisha anatoa choo laini kama uji. Huyo hajafunga choo. Bado hajajua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja: tumbo linasukuma, mlango umebana. Vigezo vya Roma, vinavyotumiwa na madaktari wa tumbo na ambavyo toleo lake la nne lilichapishwa mwaka 2016, vinaitambua hali hiyo kwa watoto wa chini ya miezi tisa wenye afya, nayo huisha yenyewe. Ukimtia kitu kwa nyuma kila anapolia hivyo, unamchelewesha kujifunza, maana atazoea kungoja kuchokozwa.

Hatua ya tatu: dalili zisizongoja tiba ya nyumbani

Mpeleke mtoto kwa mganga wa hospitali bila kujaribu kitu ukiona anatapika majimaji ya kijani, tumbo limefura na limekaza kama ngoma, ana homa, amelegea, hanyonyi, kilio chake kimekuwa dhaifu, au damu ni nyingi kuliko ule mstari mwembamba. Mtoto wa chini ya wiki sita mwenye choo kigumu naye aonwe, hata kama anaonekana mchangamfu.

Kuna dalili moja ninayoomba uikariri. Mtoto wa miezi mitatu na kuendelea analia ghafla kwa nguvu, anakunja magoti hadi tumboni, kisha anatulia kana kwamba hakuna kitu, na baada ya dakika kumi au ishirini anaanza tena. Akitapika, na baadaye nepi ikaonyesha ute mwekundu kama jamu, kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kipande kingine. Usingoje jamu ionekane. Ni dharura ya saa chache.

Na choo cheupe kama chokaa, hata kikiwa laini, humaanisha ini linahitaji kuangaliwa wiki hiyo hiyo.

Miaka hii ya foleni za mafuta, gari la usiku Bujumbura halipatikani kirahisi. Ukiwa na wasiwasi saa kumi za jioni, amua kabla jua halijazama ng'ambo ya ziwa. Fahamu mapema hospitali iliyo karibu nawe inayopokea watoto usiku, iwe Prince Régent Charles, hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge au nyingineyo, na nani mtaani mwako ana pikipiki yenye mafuta.

Hatua ya nne: rudi kwenye anachokula

Kama hakuna dalili hizo na choo ni kigumu kweli, kwanza tazama kinachoingia mdomoni.

Mtoto wa maziwa ya mama pekee kuyabisika ni nadra. Joto la uwanda wetu wa Imbo, hasa miezi ya kiangazi, humfanya mama aone mtoto ana kiu ya maji. Kiu anaweza kuwa nayo, lakini maji yake yamo titini: maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kabla ya miezi sita usimpe maji, wala maji ya sukari, wala chai ya majani. Maji hujaza tumbo dogo bila kulisha, na katika mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, kila kijiko cha maji yasiyochemshwa ni hatari. Ikiwa kweli choo chake ni kigumu ilhali ananyonya tu, mpeleke kituoni, kwa sababu hiyo si kawaida.

Kwa maziwa ya kopo, tazama mkono unaochanganya. Makopo mengi huagiza kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji. Soma kopo lako, maana hayalingani. Tia maji kwanza, yapime, kisha unga. Ukianza na unga, au ukijaza kijiko mpaka kifanye kilima, maziwa yanakuwa mazito na choo kinakauka. Najua bei ya kopo, na najua wengine hupunguza unga ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto huyo hatayabisika, lakini atadhoofu. Kama kopo limekushinda, sema kituoni bila aibu. Wapo wanaoweza kukusaidia kurudisha maziwa yako mwenyewe.

Maziwa ya ng'ombe ni neema kwetu Burundi, na vijana wa baiskeli wenye madumu hupita nayo asubuhi kila mtaa. Lakini kabla ya mwaka mmoja si kinywaji cha mtoto: yana madini ya chuma machache, na watoto wengi huwafunga choo. Hata baada ya mwaka, nusu lita kwa siku inatosha. Nimeona mtoto wa mwaka na nusu anayeshinda na chupa ya maziwa mkononi, hana nafasi ya maharagwe wala tunda, na kila baada ya siku tano nyumba nzima inamshika miguu.

Hatua ya tano: mikono

Kwa watoto wengi mikono hutosha. Mlaze chali, angalau nusu saa baada ya kula. Shika miguu yake, ikunje kwa zamu kuelekea tumboni kama mtu anayeendesha baiskeli, polepole, dakika mbili tatu. Kisha ikunje yote miwili pamoja, uishikilie kidogo, uiachie.

Halafu tumbo. Pasha mikono moto, paka mafuta kidogo. Utumbo mpana unapanda upande wa kulia wa mtoto, unavuka juu ya kitovu, unashuka upande wake wa kushoto. Fuata njia hiyo hiyo: anza chini kulia kwake, ambako ni kushoto kwako ukimwelekea, panda, vuka, shuka, kwa vidole viwili au vitatu vilivyolala, kwa uzito wa mkono unaobembeleza. Akikaza tumbo au akilia, acha. Kitovu ambacho hakijapona usikiguse.

Beseni la maji ya uvuguvugu, uliyoyapima kwa kiwiko, humlegeza pia. Wengi hutoa choo humo humo, basi weka nguo safi karibu.

Kukanda mtoto ni ufundi wa bibi zetu, na hapa ndipo pa kuwapa kazi. Nitalirudia hilo.

Hatua ya sita: papai, maharagwe na kikombe cha maji

Hatua hii ni ya mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula.

Uji mzito wa mahindi, wali mweupe na ndizi ambazo hazijaiva vizuri, vikifuatana kutwa nzima, hukausha choo. Huna haja ya kuvifuta. Punguza, na uvipe wenzake. Papai ndilo la kwanza. Nenda soko la Ruvumera asubuhi, chagua lililoiva, lioshe, menya, liponde kwa uma. Kwa mtoto anayeanza, vijiko viwili au vitatu vya chai mara mbili kwa siku, akizoea, ongeza. Avoka lililoiva linafaa, embe pia msimu wake. Juisi ya dukani sukari yake ni nyingi. Mwache ale tunda lenyewe.

Kisha maharagwe, ambayo hakuna nyumba Burundi isiyonayo. Yapike hadi yalainike kabisa, yaponde, na kama maganda yanamsumbua yachuje mara za kwanza. Ongeza lengalenga zilizokatwa ndogo na tone la mawese. Ukimpikia uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, ufanye laini lakini usiwe maji matupu, na uweke tunda lililopondwa ndani.

Maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kikombe, kidogo kidogo kila anapokula: kwa mtoto wa miezi sita hadi mwaka, nusu kikombe cha chai kwa siku nzima ni mwanzo mzuri. Endelea kumnyonyesha. Mabadiliko ya chakula huchukua siku mbili au tatu kuonekana kwenye nepi, kwa hiyo usibadilishe kila kitu kila siku.

Hatua ya saba: usiyoyafanya

Hapa ningependa kila mama, kila shangazi na kila bibi asimame kidogo.

Sabuni. Kipande cha sabuni kinafanya kazi kwa sababu kinaunguza. Ngozi ya ndani ni nyembamba kuliko ya mdomo, sabuni inaichoma, na mwili unasukuma kujiokoa. Kesho yake mtoto ana kidonda, anaogopa kwenda choo, anabana, choo kinakauka zaidi. Tumeunda ugonjwa ambao haukuwepo. Kijiti, bua la jani na kidole hutenda vivyo hivyo.

Bomba. Pande zetu hizi za ziwa, Uvira na Bujumbura, mpira wa kupigia bomba umo katika nyumba nyingi, na mtoto hupigwa kwa ajili ya choo, homa, mchango, hata kwa ajili ya usingizi. Mtoto wa kilo tano si mtu mzima aliyepunguzwa. Maji mengi yakifyonzwa na utumbo huvuruga chumvi za damu yake, na ncha ya mpira inaweza kutoboa utumbo. Majani yanapotiwa ndani yake hakuna anayejua kipimo, na sumu ya majani huliharibu ini na figo kimyakimya. Bomba linapohitajika kweli, hupigwa hospitali, kwa maji yaliyopimwa na mikono iliyofundishwa.

Asali kabla ya mwaka mmoja, hata ncha ya kijiko. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ambavyo kwa mtoto mdogo huota tumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli. Na dalili yake ya kwanza, mara nyingi, ni kufunga choo. Kwa hiyo anayetibu choo kwa asali anaweza kuleta kilekile anachokikimbia. Mafuta ya mbarika na vidonge vya kuharisha vya watu wazima navyo visimkaribie.

Ninajua ugumu ulipo. Aliyeshika bomba au sabuni mara nyingi ni mama mkwe, amelea watoto saba, naye anampenda mjukuu wake. Kumwambia amekosea mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na bomba litapigwa ukiwa sokoni. Mimi nilisema hivi: "Mama, nimekusikia. Ila choo chake cha mwisho hakikuwa kikavu, nilitazama. Nisaidie kumkanda tumbo, mikono yako inajua kuliko yangu. Kesho asipobadilika tutakwenda wote kwa daktari." Alikaa chini, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu yake. Sabuni ilirudi kwenye sahani ya kuoshea.

Hatua ya nane: kituoni

Umebadilisha chakula, umekanda, na baada ya siku tatu hadi tano choo bado ni kigumu, au kimelainika kisha kikarudi kukauka: nenda kituo cha afya cha mtaani. Usinunue dawa kwa kumweleza tu muuza famasi, kwa sababu kipimo hufuata uzito na umri. Kituoni wanaweza kuandika laktulozi, dawa ya maji tamu inayovuta maji ndani ya utumbo ili choo kilainike, au dawa ndogo ya gliserini ya kutia nyuma kwa siku moja. Ukipewa laktulozi, usiikate siku choo kinapolainika. Maliza muda ulioambiwa, maana mtoto anahitaji siku nyingi za choo kisichouma ili aache kubana.

Zile safari za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni nafasi ya kuuliza kabla shida haijaja. Wahamasishaji wa afya mtaani, abaremeshakiyago, nao watakuelekeza wapi pa kwenda.

Mueleze mhudumu umri wa mtoto kwa wiki, choo cha kwanza kilitoka lini baada ya kuzaliwa, anakula nini, na kila kitu alichotiwa nyuma au kunyweshwa nyumbani, hata kama kilitoka kwa mtu unayemheshimu. Usifiche; daktari asiyejua mtoto alipewa majani atatafuta ugonjwa mahali pasipo. Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali nchini Burundi ni bure. Nenda asubuhi, na ile nepi yenye choo usiitupe: ikunje, uitie kwenye mfuko, uende nayo.